Hoja ya Bonde la Mlazo

Nchi ya Ungojo haimo katika ramani yoyote niliyowahi kuiona, na wenyeji wake hawaoni kasoro katika jambo hilo. Husema kwamba zamu yao ya kuchorwa haijafika. Nilikwenda huko kwa mwaliko wa Baraza lao la kutunga sheria, kwani kazi yangu ni kuandika habari za mabaraza ya nchi mbalimbali, nao walisikia hayo wakapenda niandike na lao. Walichagua wakati waliodhani nchi yao ingependeza zaidi. Mjumbe wao wa siku nyingi kuliko wote, Mheshimiwa Kondo Mwinjaka, alikuwa akitimiza miaka arobaini barazani, na sherehe kubwa ilikuwa ikiandaliwa kwa heshima yake.

Nilipokewa na Katibu wa Baraza, Bwana Shomvi, mtu mrefu mwenye sauti ya upole na joho jeusi lililofika visigino. Kabla sijanywa hata maji alinipeleka ukumbini. Ukumbi wenyewe ulijengwa kwa madaraja kama mlima uliokatwa matuta. Chini palikuwa na mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, juu yake viti vya kamba, juu zaidi viti vya mito, na kileleni, peke yake, kiti kimoja cha mpingo.

"Mjumbe mpya hukaa chini," alinieleza. "Akikomaa hupanda."

"Hukomaa kwa umri?"

"La. Kwa kuondoa hoja."

Sikumwelewa, akanifafanulia bila haraka. Kila mjumbe huja na hoja ya watu wake. Hoja hiyo haijadiliwi mpaka iungwe mkono na mjumbe wa daraja la juu yake. Wa juu hawamuungi mkono mtu asiyeonyesha ukomavu, na ukomavu huonekana pale mjumbe anapoiondoa hoja yake mwenyewe, kwa hiari, kwa ajili ya utulivu wa nchi. Akiiondoa hupandishwa daraja, na huko juu ana ruhusa ya kuileta tena.

"Na akiileta?"

"Hukuta kwamba bado lipo daraja juu yake," alisema Bwana Shomvi, kama mtu anayesema kwamba maji hutelemka.

Nikamwuliza habari za kiti cha mpingo. Akashusha sauti. Hicho, alisema, ni cha Baba wa Baraza. Huyo hana tena mtu juu yake, kwa hiyo sheria imemkataza kusema kabisa. Neno lake ni zito mno. Akilitamka, wenzake watakosa uhuru wa kufikiri. Mheshimiwa Mwinjaka alikuwa amekikalia kwa miaka mingi. "Hajawahi kutukosea," alisema Katibu, na niliona kwamba alimpenda kwelikweli.

Asubuhi iliyofuata niliruhusiwa kusikiliza kikao. Mjumbe mmoja kijana wa mabenchi ya chini alisimama akauliza kama Baraza lina habari za ufa katika ukuta wa bwawa la Mlazo, bwawa linaloleta maji katika mji mkuu. Hakupata jibu, maana papo hapo palizuka mjadala kama neno "ufa" ni la adabu. Mjumbe wa viti vya kamba alisema linawadharau wazee waliojenga ukuta ule. Mwingine wa viti vya mito alipendekeza litumike neno "mstari". Wa tatu, aliyesifika kwa busara, alisema huenda ingefaa "mstari unaotoka maji". Akazomewa, akaomba radhi, akafuta kauli yake. Mwishoni iliamuliwa kwamba methali moja ya zamani inayotaja ufa na ukuta iondolewe katika vitabu vya shule, kwa sababu inatia watu wasiwasi. Wakapiga makofi. Wakati wote huo nilikuwa nikimtazama mzee aliyekaa kileleni, mwembamba, mwenye ndevu nyeupe na utepe wa dhahabu begani. Alikuwa ameshika mikono ya kiti chake kama mtu aliye juu ya mti unaoyumba.

Alinialika kwake alasiri ile ile. Nje ya ukumbi sheria ilimruhusu kusema, naye alisema sana, kama wasemavyo watu waliozuiwa mchana kutwa. Alikuwa mwalimu wa shule huko Mlazo, bonde lililo chini ya bwawa. Masika ya mwaka mmoja ukuta ulipasuka, maji yakapitia penye ufa yakazoa nyumba zilizokuwa karibu na mto. Katika mojawapo alikuwamo mkewe, Mwanakheri, aliyekwenda kumjulia hali jirani yake mzazi. Ukuta ulizibwa juujuu. Watu wa Mlazo wakamchagua awapelekee hoja moja tu: kila masika yanapokaribia, lango la bwawa lifunguliwe, maji yapungue, mpaka ukuta ujengwe upya.

"Niliiondoa mara ya kwanza nikalia," alisema. "Nilidhani nanunua daraja moja tu. Mara ya pili sikulia. Mara ya mwisho, ndugu mgeni, wakati naiondoa nilikuwa nawaza kama kile kiti kitaniumiza mgongo."

Nikamwuliza kama hakupata lolote kwa ajili ya watu wake katika miaka yote hiyo.

"Nilipata! Nani kasema sikupata? Nimewajengea zahanati. Nimewaletea barabara, na soko lenye paa. Kila niliposhuka kuwaona nilishuka na kitu mkononi. Na kila mara niliwaambia wasubiri. Nao walisubiri. Ni watu wema."

Alikuwa amemwita dada yake, Siwema, aje kukaa karibu naye siku ya sherehe. Siwema hakukubali wala hakukataa. Alimjibu kwa maneno mawili: njoo wewe. Mzee Mwinjaka hakuwa ameshuka Mlazo tangu apate kiti cha mpingo, kwa kuwa wakuu wa itifaki waliona si vema kiti kile kikae wazi. Lakini maneno yale yalimkaa rohoni, akaniomba nifuatane naye.

Mlazo ni bonde zuri, na mtu akisimama na kuupa mlima mgongo anaweza kusahau kilichopo nyuma yake. Ukigeuka ndipo unaona ukuta. Ulipanda juu ya paa za nyumba hata ukaficha nusu ya anga, na katikati yake, kutoka juu mpaka chini, palikuwa na alama nyeusi iliyopinda, ikimetameta kwa maji na kuota ukungu wa kijani. Wanawake waliweka ndoo chini yake kukinga. Zahanati ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, imepakwa chokaa vizuri, na jina la Mheshimiwa limeandikwa juu ya mlango.

Siwema alikuwa nje ya nyumba yake akimenya magimbi. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mdogo kwa kakake kwa miaka michache. Hakuinuka.

"Karibu, kaka. Umekonda."

"Shikamoo haipo siku hizi?"

"Shikamoo, kaka. Na mgeni wako, karibu." Akatusogezea kigoda na mkeka. "Yatazame magimbi yangu. Yamependeza, eh? Pale nilipoyapanda ndipo ulipokuwa ukicheza gololi. Palikuwa pakavu hata nyasi hazioti."

Mzee Mwinjaka aliitazama ile sehemu chini ya ukuta, majani mapana ya magimbi yaliyojaa unyevu, akaelewa. Akakaa chini kwenye mkeka, na utepe wake wa dhahabu, hakukaa kwenye kigoda.

"Ufa umeongezeka lini?"

"Unaongezeka kila siku. Tulituma watu. Waliambiwa kwanza watafute neno jingine la kuuita." Akatupa gimbi sufuriani. "Kaka, mimi sikuombi ukuta mpya. Nimezeeka, sitauona. Nakuomba lango. Lifunguliwe sasa, kabla ya mvua. Maji yapungue tu."

"Lango likifunguliwa sasa, bustani za mji mkuu zitakauka. Yale maji yanayoruka mbele ya Baraza yatakatika, na ni wiki ya sherehe."

"Sherehe ya nani?"

Alishika utepe wake. "Yangu."

Siwema aliendelea kumenya, maganda yakianguka miguuni pake. Hatimaye akasema, bila ukali, "Zahanati yako nzuri, kaka. Ila umeijenga chini ya ukuta."

Njiani kurudi mzee aligeuka mara kwa mara kutazama nyuma. Mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa bwawa.

Siku ya sherehe ukumbi ulipambwa maua hadi madirishani, na nje maji ya bustani yaliruka juu kwa namna iliyowafanya wageni waseme "Aa!" Bwana Shomvi alisoma historia ya Baba wa Baraza. Alitaja madaraja yote aliyopanda na kila hoja aliyoiondoa ili apande, na kila ilipotajwa hoja wajumbe walisimama wakapiga makofi. Sikumbuki mara ngapi walisimama. Ile hoja ilikuwa moja tu, ile ile.

Ndipo mzee Mwinjaka akainuka kutoka kiti cha mpingo. Watu walidhani anataka kupunga mkono.

"Waheshimiwa," alisema, na sauti yake ilikwaruza kama mlango wa nyumba iliyohamwa, "kuna ufa katika ukuta wa Mlazo. Nimeuona kwa macho yangu. Mvua imeanza kule juu. Naomba lango lifunguliwe leo. Si kesho. Leo hii. Nimewapa miaka arobaini, nipeni siku moja."

Hapakuwa na ghasia. Laiti pangekuwa na ghasia. Mjumbe wa viti vya mito alisimama, akaomba mwongozo kama Baba wa Baraza amesema au hakusema. Maana kama sheria inamkataza kusema, basi hawezi kuwa amesema, na kilichosikika hakina budi kuwa kitu kingine. Mwenzake akajibu kwamba amesema, hivyo amevunja sheria, hivyo si Baba wa Baraza tena, na kama si Baba wa Baraza basi ni mjumbe mpya, na mahali pake ni benchi la chini. Wa tatu akauliza kama mjumbe mpya anaweza kuleta hoja kabla ya kuapishwa. Walijadiliana kwa heshima na kwa ufasaha. Yule kijana aliyeuliza juu ya ufa siku ile aliomba nafasi. Akakumbushwa kwamba hajawahi kuondoa hoja hata moja. Nje mvua ilianza kugonga madirisha, ikabidi wasemaji wapaze sauti.

Mzee Mwinjaka alisikiliza kwa muda. Kisha akavua utepe, akauweka juu ya kiti, akashuka madaraja yote kwa miguu yake. Bwana Shomvi alimkimbilia mlangoni.

"Mheshimiwa, tafadhali! Wako karibu kuafikiana. Subiri kidogo tu."

"Wewe Shomvi," alisema mzee, "hilo neno nalijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikilipeleka Mlazo."

Tulikwenda kwanza langoni, juu ya bwawa. Mlinzi alimwamkia kwa adabu akamwomba azimio la Baraza. Hakuwa nalo. Gurudumu la lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, na ufunguo ulitunzwa mji mkuu ili usipotee. Tulijaribu mnyororo kwa jiwe, mimi na yeye, na mlinzi hakutuzuia, alisimama tu mvuani akisema, "Hautakatika, wazee wangu, mimi nimeshajaribu." Haukukatika. Maji yalikuwa yamefika ukingo.

Tukashuka bondeni. Mzee alianza na nyumba ya kwanza, akagonga, akasema, "Tokeni. Pandeni kilimani. Sasa hivi." Mwenye nyumba, mzee mmoja aitwaye Pongwa, waliyesoma naye, alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akiwa amelowa, hana utepe.

"Kondo, wewe ndiye ulituambia tusubiri?"

"Ni mimi."

"Mwaka baada ya mwaka?"

"Ni mimi, Pongwa."

"Na sasa watuambia tukimbie. Basi tumwamini yupi, yule au huyu?"

Watu waliokuwa kibarazani pake wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu wanaomcheka mtu wao. Mzee mmoja wao alimwambia aingie ndani, akauke, anywe uji. Mzee Mwinjaka aligonga nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba ilimkaribisha, na hakuna iliyotoka. Nilimwona akisimama katikati ya ile barabara aliyowaletea, maji yakimtiririka ndevuni, akilia waziwazi.

Siwema ndiye aliyetuokoa tuliookoka. Alitoka na sufuria, akaipiga kwa mwiko, akapita kati ya nyumba akipiga kelele kwamba magimbi yake yamezama, njooni mtazame. Waliotazama waliona maji mahali ambapo jana palikuwa na udongo, na hao hawakuhitaji hotuba. Walibeba watoto wakaanza kupanda. Wengine waliwafuata kwa kuona wenzao wanakwenda. Wengine walibaki kufunga mbuzi, kukunja magodoro, kumsubiri mtu aliyekwenda sokoni.

Tulikuwa tumefika nusu ya kilima Siwema alipouliza, "Mke wa Pongwa yuko wapi?" Mke wa Pongwa alikuwa amepooza, na Pongwa hakutaka kumwacha. Siwema akageuka. Kaka yake akamshika mkono.

"Mimi nitakwenda."

"Hutaweza kumbeba, wewe umekonda. Wapeleke hawa juu. Wewe ndiye mjumbe wao."

Akaupokonya mkono wake, akashuka kwa haraka nisiyoitarajia kwa mwanamke wa umri wake. Mzee alitaka kumfuata. Mtoto mmoja alikuwa ameng'ang'ania shingoni mwake na mwingine kiunoni, na nyuma yake njia ilikuwa imejaa watu wanaopanda.

Ukuta haukuanguka kwa kishindo kama nilivyodhani. Ulitoa sauti ndogo, kama mtu anayevunja muwa gotini, kisha sehemu ya kati ikafunguka taratibu, na maji yakaingia bondeni kama yanayorudi kwao. Zahanati ilitangulia. Baada yake sikuweza kutofautisha kitu na kitu. Kule kilimani hakuna aliyepiga kelele. Wote walisimama, na kila mmoja alikuwa akiangalia paa lake.

Maji yalipopungua watu walishuka na majembe na mabeleshi, na mzee Mwinjaka alishuka nao. Hawakumfukuza, wala hawakumwita Mheshimiwa. Walimpa beleshi. Siwema tulimkuta karibu na mahali soko lilipokuwa, mke wa Pongwa akiwa bado mgongoni mwake, amefungwa kwa khanga ili asianguke. Pongwa hatukumpata. Wanawake walikata ile khanga, wakawaosha wote wawili nyuma ya shuka iliyoshikwa na wanne, na kakake alisimama upande wa pili wa shuka, akiwapa maji waliyoyataka.

Tulikuwa tunalifukia kaburi la Siwema alipofika Bwana Shomvi. Alikuwa na joho lake, ameshika karatasi, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala. Alisimama pembeni ya kaburi akangoja watu watulie. Hawakutulia. Ikabidi aseme huku mabeleshi yakiendelea.

"Mheshimiwa, hoja yako imepita. Bila kupingwa. Wote waliunga mkono, madaraja yote. Jambo hili halijapata kutokea tangu Baraza lianze." Akakunjua karatasi. "Sheria inataka isomwe mbele ya mleta hoja."

Mzee Mwinjaka hakuinua kichwa. Alitupa udongo, akachota mwingine, akatupa. Bwana Shomvi alisubiri, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutimiza wajibu wake, akaanza kusoma. Alisoma kwamba Baraza limetafakari, kwamba lango la bwawa la Mlazo lifunguliwe kila masika yanapokaribia, kwamba wakazi wa bonde hilo wanastahili kulala bila hofu. Sauti yake ilianza kumkatika kabla hajafika mwisho, lakini alifika. Hakuna aliyemwambia anyamaze, na hakuna aliyepiga makofi.

Kaburi lilipojaa mzee aliegemea beleshi lake, akawauliza waliokuwa karibu ni nani bado hajaonekana. Wakamtajia. Pongwa. Watoto wa fundi cherehani. Mwalimu mkuu wa shule na mamake. Akatikisa kichwa kwa kila jina, kisha akatangulia kushuka matopeni, nasi tukamfuata.